Rangi za Mimea na Ulinzi wa Figo

  

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja: FIGO. Wanafunzi, lisomeni kwa sauti: fi-go, figo. Neno ni fupi, lakini kitu chenyewe kina kazi kubwa.

Kabla ya kuendelea, tufanye jaribio dogo. Leteni bilinganya moja, kisu, na ndimu. Likateni bilinganya vipande viwili. Kipande kimoja kipakeni maji ya ndimu upande uliokatwa. Cha pili kiacheni vivyo hivyo. Viwekeni vyote viwili katika sahani mahali ambapo kila mtu aweza kuviona. Tutavirudia mwisho wa somo.

Sasa sikilizeni. Tuseme wewe unakaa Ntalikwa, karibu na mji wa Tabora. Jirani yako ni mtu wa makamo, mkulima hodari. Siku hizi miguu yake imevimba hata viatu havimwingii. Akiamka asubuhi uso umejaa. Mtu mmoja amwambia kwamba ni uchovu wa shamba. Wa pili amwambia kwamba amelogwa. Wa tatu amletea chupa ya maji ya majani na mizizi, naye asema, “Kunywa hii kutwa mara tatu, itasafisha figo zako.” Jirani yako akuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayesoma. Utamjibu nini? Somo hili litakusaidia kujibu.

KAZI YA FIGO

Kwa kawaida mtu huzaliwa na figo mbili. Zimekaa mgongoni, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Ukubwa wa figo moja ni kama ngumi ya mtu mzima. Mmepata kuona figo za mbuzi. Zetu zafanana nazo kwa umbo.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kadiri ya milioni moja. Damu hupita humo usiku na mchana. Kwa siku moja vichujio hivi vyachuja maji ya damu lita 180 hivi. Fikirini dumu la maji la lita 20, lile tunalochotea kisimani. Lita 180 ni madumu tisa! Karibu maji yote hayo hurudishwa katika damu. Yanayobaki, kama lita moja na nusu, hutoka kuwa mkojo pamoja na taka za mwili. Tena figo husaidia kupima chumvi ya mwili, kutuliza shinikizo la damu, na kuuamrisha mwili utengeneze damu mpya.

Basi, vichujio vikiharibika, taka hubaki ndani na maji hubaki ndani. Ndipo miguu huvimba. Ugonjwa ukidumu zaidi ya miezi mitatu, waganga huuita ugonjwa sugu wa figo. Ubaya wake ni kwamba huanza kimya kimya. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake na asione maumivu yo yote.

Je, ugonjwa huu uko kwetu? Naam, uko. Watafiti waliwapima watu wazima huko Kilimanjaro, mjini na vijijini, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Katika kila watu 100, kama 7 walikuwa nao. Mjini walikuwa 15 katika 100, na vijijini 2 katika 100. Wengi wa wagonjwa hao hawakujua kwamba ni wagonjwa.

Adui wakubwa wa figo duniani ni wawili: kisukari na shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Wako na wengine: sigara, maambukizo mbalimbali, na vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vikitumiwa siku nyingi bila shauri la mganga. Mkulima mwenye kuumwa mgongo na kumeza vidonge hivyo kila jioni hujidhuru pasipo kujua.

KUTU YA MWILINI

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Chukua jembe jipya, liache nje wakati wa masika. Baada ya siku chache utaona kutu. Kutu hutokea kwa sababu chuma kimekutana na unyevu na ile hewa iitwayo oksijeni. Oksijeni ndiyo tunayoivuta ili tuishi, lakini hewa hiyo hiyo hula chuma.

Katika mwili pia oksijeni ina pande mbili. Chakula tulacho huunguzwa polepole kwa oksijeni ili kutupa nguvu. Kila penye moto hapakosi cheche. Cheche za mwilini ni chembe kali mno, ndogo kuliko macho yawezavyo kuona. Zikiwa chache, mwili huzizima wenyewe. Zikizidi, huuma na kuharibu chembe hai zetu, kama kutu ilavyo jembe.

Figo hufanya kazi nyingi kupita viungo vingi, kwa hiyo hutumia oksijeni nyingi, na cheche zake ni nyingi. Sukari ikizidi katika damu, cheche huongezeka. Presha ikipanda, huongezeka. Moshi wa sigara nao huzileta kwa wingi. Sisi wa mkoa wa Tabora twaijua tumbaku vizuri, maana twailima. Kuilima ni kazi moja, kuivuta ni jambo jingine. Figo hazina faida nayo.

Vitu vinavyozima cheche hizo huitwa antioksidanti. Neno ni refu, lisomeni polepole: a-nti-o-ksi-da-nti. Sisi tutaviita vizuia-kutu.

VIZUIA-KUTU HUTOKA WAPI?

Mmea husimama juani kutwa, hauna kivuli wala kofia. Jua kali huleta cheche ndani ya majani yake, kwa hiyo mmea hujitengenezea vizuia-kutu vyake. Tukila mmea, twapata baadhi ya vitu hivyo.

Mara nyingi vizuia-kutu huonekana kwa rangi. Rangi ya manjano ya embe, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni karotini. Wekundu wa nyanya ni likopini. Rangi ya zambarau na ya ua la rozela ni anthosiani. Vingine havina rangi ya kujionyesha. Vitamini C imo katika mapera, ndimu, machungwa, ubuyu na majani mabichi. Vitunguu navyo vina vizuia-kutu vya jamii iitwayo flavonoidi.

Watu wa Tabora hawana haja ya kwenda mbali kutafuta. Katika misitu yetu ya miombo mna matunda ya mtonga, mbura, furu na ntalali. Shambani mna kunde, maboga na karanga. Nyuma ya nyumba mna matembele, mchicha na mlenda. Na kila mtu aijua miembe.

Hiyo miembe ina habari yake. Asili ya mwembe ni nchi za Asia ya kusini. Pwani yetu iliupata kwa watu waliovuka bahari, na baadaye misafara iliupeleka bara. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, wakati mahali hapa palipoitwa Kazeh. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watumwa. Wengi walilia juu yake. Lakini kando yake ilipandwa miembe, na miembe imebaki kutupa kivuli na tunda. Urithi huo tusiuache uoze chini ya mti huku tukinunua soda dukani.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusiseme zaidi ya tunavyojua. Katika maabara, panya walioharibiwa figo wakapewa vitu vya mimea vyenye vizuia-kutu, mara nyingi figo zao zimeonekana kuumia kidogo kuliko za panya wengine. Hiyo ni habari njema, lakini panya si mtu.

Kwa upande wa watu, huko Marekani walifuatwa watu wazima 14,686 kwa miaka zaidi ya 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliokula kwa wingi mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga na nafaka zisizokobolewa walipatwa na ugonjwa sugu wa figo kwa uchache zaidi. Hatari yao ilipungua kwa kadiri ya sehemu 14 katika 100, wakilinganishwa na wale waliokula vitu hivyo kidogo kabisa. Lakini sikilizeni neno hili: soda ni ya mimea, maana sukari yatoka katika muwa. Sembe nyeupe ni ya mimea pia. Watu waliokula sana vyakula vya mimea vya namna hiyo, vyenye sukari nyingi na vilivyokobolewa, hatari yao iliongezeka. Kwa hiyo dona ni bora kuliko sembe, na embe ni bora kuliko soda.

Je, ni vizuia-kutu peke yake vilivyowalinda watu wale? Hatuwezi kusema hivyo. Mboga na matunda huleta pia nyuzinyuzi, husaidia kushusha presha, na hupunguza ukali wa asidi mwilini. Mambo hayo hufanya kazi pamoja, kama watu wa kijiji wanaovuna shamba kwa zamu.

Na wataalamu wakichukua kitu kimoja tu, wakakiongeza nguvu na kukifanya dawa, mambo huweza kwenda kombo. Iko dawa moja iliyotengenezwa kwa kubadili kitu kitokacho katika mimea, ili iamshe vizuia-kutu vya mwili. Ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wenye kisukari na figo dhaifu. Mwaka 2012 jaribio lilisimamishwa, kwa sababu wagonjwa waliopewa dawa hiyo walizidi kupatwa na udhaifu wa moyo. Basi, kitu kilicho kizuri katika sahani chaweza kuwa hatari kikikolezwa katika chupa au kidonge.

JINSI YA KUPIKA

Chakula chema chaweza kuharibiwa jikoni. Shikeni mambo manne.

Kwanza, osheni mboga kabla ya kuikata, si baada ya kuikata. Vitamini C huyeyuka katika maji.

Pili, pikeni mboga kwa maji machache na kwa muda mfupi. Kisamvu ni tofauti: lazima kitwangwe na kupikwa sana, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Tatu, acheni kutia magadi katika mlenda na kunde. Najua magadi hulainisha upesi. Lakini magadi huua vitamini C, tena yana sodiamu, kitu kile kile kilicho katika chumvi na kinachopandisha presha. Chumvi nayo itiwe kidogo.

Nne, mnapokausha majani ya kunde ili kuyaweka akiba ya kiangazi, yakausheni kivulini penye upepo. Jua kali hupoteza karotini nyingi.

Na mwenye kisukari ajue kwamba embe ni tamu. Ale kipande kwa kiasi, wala asinywe maji ya matunda kwa bilauri kubwa.

HATARI YA DAWA ZA CHUPA

Sasa turudi kwa jirani yetu na chupa yake. Watu wengi hufikiri kwamba kitu cha mmea hakiwezi kudhuru. Sikilizeni mambo mawili yaliyotokea.

La kwanza. Katika mji wa Brussels, nchi ya Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikwenda kwenye zahanati moja ili wapungue unene. Walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Ndani yake ulikuwamo mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya figo. Mwaka 1993 waganga walitangaza habari hiyo, na wagonjwa waliojulikana baadaye walizidi 100. Wengi wao figo zilikufa kabisa.

La pili. Mwajua mbirimbi, lile tunda chachu la pwani linalotiwa katika mchuzi na achari. Mbirimbi mbili tatu katika mchuzi hazimdhuru mtu mzima wa afya. Lakini huko Kerala, Bara Hindi, watu walikamua maji mengi ya mbirimbi na kuyanywa kama dawa. Mwaka 2013 waganga walieleza habari za wagonjwa 10 ambao figo zao zilisimama ghafula kwa sababu hiyo, na baadhi yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Tunda lina kitu kiitwacho oksalati, ambacho hugandamana na kuziba figo.

Sisemi kwamba kila mganga wa mitishamba ni mwongo. Nasema kwamba chupa isiyojulikana kilichomo, wala kipimo chake, isiingie katika kinywa cha mtu mwenye figo mbovu.

Liko jambo moja gumu zaidi, lishikeni sana. Mtu ambaye figo zake zimekwisha dhoofika huweza kushindwa kutoa vizuri potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi katika ndizi, parachichi, ubuyu, viazi na mboga za majani. Madini haya yakijaa katika damu, moyo waweza kusimama. Kwa hiyo chakula kinachomlinda mtu mzima chaweza kumwua mgonjwa. Huyu hula kwa maagizo ya mganga. Pengine ataambiwa achemshe mboga yake katika maji mengi na kuyamwaga, kinyume cha vile nilivyowaambia ninyi wenye afya. Msishangae, wala msimlazimishe ale matunda kwa kumhurumia.

JIBU KWA JIRANI

Basi, utamwambia nini? Mwambie hivi: “Ndugu yangu, weka chupa hiyo chini. Twende zahanati leo, si kesho. Huko watapima presha yako na sukari yako, na kuuangalia mkojo kama una protini. Wakiona shaka watakupeleka hospitali upimwe damu.” Kisha mpeleke wewe mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa aliye peke yake huahirisha safari.

Ugonjwa ukijulikana mapema, ziko dawa za kushusha presha na kuzuia figo zisiendelee kuharibika. Ukichelewa, hubaki mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa kawaida huhitajiwa mara tatu kwa juma, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Kazi hiyo ya kupandikiza ilifanywa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwaka 2017, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ni maendeleo makubwa, lakini ni gharama kubwa pia, na safari kutoka Tabora ni ndefu. Vipimo vya presha, sukari na mkojo ni vya dakika chache. Mwenye presha, mwenye kisukari, na aliye na mgonjwa wa figo katika ukoo wake, asikose kupimwa kila mwaka.

Sasa tazameni sahani yenu. Kile kipande cha bilinganya kisichopakwa ndimu kimeanza kugeuka rangi, kimekuwa cha udongo. Hiyo ndiyo kazi ya oksijeni. Kile chenye ndimu kingali cheupe, au kimegeuka kidogo tu, kwa sababu vitamini C na uchachu wa ndimu vimekilinda. Sasa mwanafunzi mmoja akamulie ndimu juu ya kile kilichokwisha kugeuka. Je, kimerudi kuwa cheupe kama kilivyokuwa? Hakikurudi. Na figo ni hivyo hivyo. Mboga na matunda huzilinda zingali nzima. Zikifa, hazifufuliwi kwa tunda wala kwa jani.

MANENO YA KUANDIKA

Figo – kiungo kinachochuja damu na kutengeneza mkojo.
Ugonjwa sugu – ugonjwa unaodumu muda mrefu.
Antioksidanti – kizuia-kutu cha mwilini.
Potasiamu – madini yaliyo hatari kwa mwenye figo dhaifu yakizidi.

MASWALI YA DARASA

1. Figo huchuja madumu mangapi ya maji kwa siku?
2. Taja adui wawili wakubwa wa figo.
3. Kwa nini tusitie magadi katika mboga?
4. Taja mboga tatu na matunda matatu yapatikanayo kijijini kwako, na rangi ya kila kimoja.
5. Jirani yako ameletewa chupa ya dawa ya figo. Andika sentensi tatu utakazomwambia.

Jibu la swali la tano lisomeni nyumbani kwa sauti, wazee na vijana wasikie. Huenda yuko mtu katika nyumba hiyo anayelihitaji.